Plagi za pikapu ya petroli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Plagi ni ile spaki inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, kwa hivyo kabla hujatoa pesa hakikisha kwanza pikapu yako inakunywa petroli. Usicheke. Kuna jamaa hapa Bombolulu, Mombasa, alienda town akanunua plagi nne za pikapu ya dizeli na muuzaji akamuuzia vilevile, karudi kafungua boneti kaanza kutafuta pa kuzifunga. Dizeli haina spaki bwana, ina hita plagi za kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi, na hizo sizo ninazozungumzia hapa.

Nyingine ya kuangalia ni idadi. Wengi tuna silinda nne plagi nne, lakini ukiwa bado unayo ile Nissan 720 kuukuu ya injini ya Z24, hesabu vizuri, hiyo ina plagi nane kwa silinda nne, mbili mbili. Ukinunua nne utarudi dukani na jasho.

Haya, mpangilio wangu mimi, na mimi nabeba madafu kutoka Kikambala mpaka Kongowea na Hilux ya zamani, kwa hivyo ujue nasemea wapi.

Namba moja ni plagi ya kawaida, ile watu huiita ya shaba. Ndani kati ina shaba lakini ncha yenyewe ni nikeli, ndio maana inaisha mapema, piga hesabu ya kilomita 30,000 hivi. Kwa pikapu ya zamani ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) au ya distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) hii yatosha kabisa, na kwa bei ya seti moja ya iridiamu unaweza ukabadilisha hizi mara kadhaa. Injini ikiwa imechoka inakula oili, plagi yoyote utakayoweka itajaa masizi tu, sasa kwa nini uchafue ya bei ghali?

Namba mbili iridiamu. Hii madini yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,400 wakati nikeli ni kama 1,450, ndio wakaweza kuifanya ncha nyembamba kama sindano na bado ikavumilia mpaka kilomita 100,000. Kama kitabu cha gari lako kimesema iridiamu basi kwako wewe hii ndio namba moja, usishuke ati kwa sababu fundi amekwambia zote ni moja. Ila usiitege gepu, yaani ile nafasi cheche inaporukia, kwa ile geji ya duara kama sarafu, ile ncha inavunjika kama kijiti cha kiberiti.

Platinamu naiweka ya tatu, si mbaya, ni vile tu wanaoitumia si wengi. Kuna yenye platinamu upande mmoja wa gepu na yenye pande zote mbili, na injini ambayo koili moja (kile kinachozalisha umeme wa cheche) inalisha silinda mbili kwa pamoja inataka ya pande zote mbili, kwa hivyo usinunue kwa jina peke yake.

Za mwisho kabisa ni zile za eksi-Japani zilizotumika, zimepigwa brashi ya waya mpaka zinang'aa. Ncha ishalika, kona zake zimekuwa duara, hata uipige brashi mpaka kesho hairudi. Achana nazo.

Lakini adui hasa wa hapa kwetu ni feki. Mimi nshaumia. Nilikuwa na haraka, nikanunua seti boksi safi kabisa, siku ya tatu nimepakia madafu juu, kwenye daraja la Mtwapa gari ikaanza kumisi, inatetemeka kama ina homa, matatu nyuma zinanipigia honi. Nilipozitoa nikaona mambo ambayo ningeyaona dukani kama ningetulia: ile pete ya chuma kwenye uzi ilichomoka ikabaki mkononi mwangu, na ya orijino imebanwa, inazunguka lakini haitoki kirahisi. Maandishi kwenye ile kauri nyeupe nilipoyasugua na kidole gumba yakafutika. Ncha ya kati nayo imekaa upande. Basi siku hizi nafungua boksi zote nne pale pale kaunta, muuzaji akinuna naenda duka la pili.

Sasa zile namba zilizoandikwa kwenye plagi, zinazoonyesha inavyotoa joto. Watu wanasema Mombasa joto kwa hivyo ununue plagi ya baridi zaidi, ile inayotoa joto haraka. Hapana, kinachopoza injini ni maji na rejeta, fuata kitabu. Na angalia hapa: kwa kampuni za NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion ni kinyume. Halafu 6 ya NGK inakaribiana na 20 ya Denso, 5 na 16. Ukiona -11 mwisho wa NGK hiyo ni gepu ya milimita 1.1.

Ukinunua plagi nunua na soketi yake yenye mpira ndani, nyingi za sasa ni milimita 16, za zamani 21, peleka plagi yako ya zamani upime. Kufunga ni nyumbani tu, injini ikiwa baridi, na jioni ya kuamkia siku hiyo nyunyiza oili ya kulegeza kutu kwenye plagi za zamani. Puliza mchanga kwanza kabla hujalegeza chochote maana ukiingia ndani ya silinda umejitafutia kazi. Toa moja funga moja, waya zisije zikachanganyika. Anza kwa kipande cha mpira wa petroli umekichomeka juu ya plagi, uizungushe kwa vidole, ikigoma mpira utateleza wenyewe wala hutaua uzi wa hedi, kile kifuniko cha juu cha injini plagi zinapofungwa. Ikishakaa, plagi mpya yenye pete ongeza nusu mzunguko au zaidi kidogo, isifike robo tatu. Usijitie nguvu, hedi nyingi ni aluminiamu.

Mimi hununua tano, si nne. Ya tano naiweka kwenye kikopo chenye kifuniko ndani ya dashibodi, hewa ya chumvi ya huku huanza kula uzi hata kabla hujaifunga.