Siku za mbalamwezi nimepata kipindi changu

Mimi ni mtu wa redio. Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Mwanza Februari 2013, watu wakawa wanahangaika na ving'amuzi, mimi ile TV yangu ya chogo niliitandikia kitambaa, nikaweka juu yake jagi la maji. Sikuona nilichopungukiwa. Kwa hiyo nikisema kipindi hiki cha vichekesho sasa sikikosi, wanaonijua pale sokoni Mwaloni watashangaa.

Sababu ni mwezi. Nauza dagaa Kirumba, na dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na sisi wachuuzi tunapumua. Siku hizo ndipo binti wa kaka yangu, anayesoma chuo kule Malimbe, alipokuja kwangu na TV yake ndogo na king'amuzi. "Shangazi, kaa dakika kumi tu," akaniambia. Nikakaa na ungo wa mchele mapajani, nichambue huku nikimridhisha.

Nilikuwa na kinyongo changu. Mimi ni Msukuma. Katika vichekesho vingi nilivyowahi kuviona kwa majirani, Msukuma akitokea ujue ni mshamba aliyeshuka stendi na kuku, anashangaa magorofa, na Kiswahili chake kinavutwa mpaka hata sisi wenyewe hatukitambui. Wengine walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nanyanyuka na kwenda zangu nyumbani.

Kisa cha pili kilikuwa cha kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa asiyejua, sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Sasa hapa hao watatu wamenuniana kwa ajili ya kitenge cha sare, na mwenzao ana dharura: mama mkwe yuko njiani anatokea Sengerema, na ndani hamna hata unga. Anazunguka nyumba tatu. Wa kwanza anatoa ufunguo, ila wa pili asijue umetoka kwake. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu haongei kabisa. Anashika pindo la khanga yake, alipoufunga ufunguo, anaanza kufungua fundo. Linafunguka, ndani kuna fundo lingine. Analing'ata kidogo, analilegeza kwa kucha. Kuna la tatu. Kamera haibanduki kwenye vile vidole, na nyuma yake unamwona mwenye shida amesimama mlangoni kwa adabu zote, simu inaita mkononi, mkwe kashafika stendi. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Yule mama namjua! Kila kikoba kina wake.

Na lafudhi? Ipo, ya kwetu kabisa, na "wabeja", yaani asante, inatamkwa kama tunavyoitamka nyumbani. Lakini hakuna anayechekwa kwa ajili yake. Kinachochekesha ni ile nuna yao, na jinsi kila mmoja anavyotaka kusaidia bila kuonekana ameshuka. Hilo kwangu ni kubwa sana, na ndilo lililonifanya niandike. Hakuna suruali iliyovutwa mpaka kifuani, hakuna mwanaume aliyejaza matambara ajifanye mwanamke. Hayati Mzee Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa na kipaji cha kukuchekesha kwa uso tu kabla hajasema neno. Huyu mama wa fundo anacho.

Si visa vyote vimekaa sawa. Kile cha mganga kimechoka, utaujua mwisho wake mganga hajakaa vizuri kwenye kigoda. Cha kondakta wa daladala ya Igoma kinaanza vizuri halafu kinarefushwa mpaka utamu unakwisha. Na matangazo yakiingia sauti inapanda ghafla, mtoto aliyelala anashtuka. Hilo lirekebishwe, maana usiku nyumba zetu zinakuwa na watoto waliolala chumba hicho hicho.

Nampa nyota nne mwandaaji. Giza limesharudi, mitumbwi ya visiwani inaingia, na saa tatu usiku kipindi kinaporushwa mimi huwa nimelala ili saa kumi alfajiri niwe Mwaloni. Naomba marudio ya Jumapili mchana yasiondolewe. Hayo ndiyo ninayoyategemea, na Jumapili iliyopita tulikuwa wanawake saba sebuleni kwangu, wawili kati yao wakiwa ni wenye funguo za sanduku letu.