Msemo wa runingani na wa simuni: upi unakaa?

Kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, muuza kahawa akidaiwa chenji hukunja uso, hukohoa kidogo, kisha hujibu kwa sauti ya mchekeshaji wa zamani. Wote wanacheka, hata kijana ambaye kipindi chenyewe hakukiona. Hapo ndipo runinga inapoizidi simu.

Runinga Tanzania Bara ilianza 1994, na kwa miaka mingi sebule moja ilikusanya nusu ya mtaa. Kipindi cha vichekesho cha Ze Comedy kilipokuwa kituo cha EATV, kabla ya kundi kuhamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, wahusika walewale walirudi kila wiki na vituko vyao katika balaa jipya. Unalisubiri neno, unalipata, kesho unalipeleka sokoni. Neno hilo linabebwa na mtu: kofia yake, mwendo wake, ubishi wake. Mchekeshaji King Majuto, mwana wa Tanga, alifariki 2018, lakini ukimwigiza hapa hakuna anayeuliza ni nani.

Klipu ya simu ina mbio. Asubuhi imeingia kwenye kundi la familia, jioni konda wa daladala ya Raskazone anaipayuka mlangoni. Wiki ijayo imekuja nyingine. Faida yake moja naikubali: hata mtu wa Pongwe, pembezoni mwa mji, anaianzisha bila kumjua mtayarishaji yeyote.

Mimi naipa runinga ushindi, ila msemo uwe mfupi na uweze kuvuka kisa chake. Ule unaohitaji kuelezwa nani alimwambia nani, hata shangazi yangu anayekariri kila kitu haurudii.