Kizimba cha boa anayekua: cha kununua kwanza ukiwa Tanga

Miongozo mingi ya kufuga boa imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao kubwa ni kumpasha nyoka joto wakati nje kuna theluji. Sisi wa Tanga tunaisoma, tunanunua walichonunua wao, kisha tunampika mnyama. Kaskazi ikivuma, mwezi wa pili, chumba changu cha uani hapa Chumbageni hufika nyuzi 32 saa nane mchana kabla sijawasha taa hata moja. Boa anataka nyuzi 31 hadi 33 upande mmoja wa kizimba, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ajichagulie mwenyewe. Hana namna nyingine ya kurekebisha joto la mwili wake ila kuhama. Kwa hiyo mnunuzi wa Tanga hanunui joto. Ananunua upande wa ubaridi, pamoja na termostati, kifaa cha kulizima joto lisipotakiwa. Yafuatayo nimeyapanga kwa kipimo hicho.

Lakini kwanza karatasi. Boa tunayemzungumzia asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na boa wa Argentina yuko orodha ya kwanza kabisa, yenye masharti makali zaidi. Hapa kwetu ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Nenda ofisi ya wanyamapori uulize vibali kabla hujamlipa mtu yeyote. Wala usimwokote chatu wa vichakani Pangani au Muheza ukamwita boa. Chatu hutaga mayai, boa huzaa watoto hai, na chatu wetu hukua akapita mita nne. Huyo mwache alipo.

Kizimba chenyewe

Boa huzaliwa akiwa na urefu wa rula moja ya shule na nusu, sentimita 40 hadi 50 hivi. Jike aliyekomaa hufika mita 1.8 hadi 2.5, akawa na kilo 10 au zaidi, na anaweza kuishi miaka 20 hadi 30. Wengi hununua vizimba vitatu njiani: cha mtoto, cha kijana, cha mkubwa. Mimi nasema nunua viwili tu, boksi la plastiki la mwaka wa kwanza, kisha kile kikubwa cha maisha. Kijana akiingizwa kwenye kizimba kikubwa hapati hofu ikiwa umekijaza maficho. Anayeogopa ni yule aliyewekwa kwenye uwanja mtupu.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni kabati la kuchongesha kwa fundi seremala. Urefu wa mita 1.8, upana na kimo sentimita 60. Ukiweza kuongeza kimo, ongeza, kwa sababu boa hupanda. Shiti mbili za marini bodi za futi nane kwa nne, unene wa milimita 18, zinatosha, na masalio yanatoa rafu ya kupumzikia. Mbele weka vioo viwili vya kutelezesha kwenye reli, kama vya shoo kesi.

Mimi nilimchorea fundi wa Ngamiani kwenye kipande cha boksi. Akauliza, "Dada, kabati hili la vyombo, mbona halina rafu za kutosha?" Nilipomwambia ni la nyoka alinyamaza kidogo, akachukua futi yake akapima tena kwenye kona, halafu akasema, "Basi huu mwanya wa milimita tano tusiuache." Na kweli, mtoto wa boa hupenya popote kichwa chake kinapopita.

Mwambie fundi wako mambo matatu. Viungo vya ndani vizibwe na silikoni ya matangi ya samaki, si ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya ukungu, kisha kabati likae wazi mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Vanishi iwe ya maji, nayo ipewe wiki mbili tatu za kukauka. Na asitumie paini wala saiprasi zile zinazoshuka kutoka Lushoto. Ni mbao nzuri za kenchi, lakini utomvu wake na harufu yake humsumbua nyoka aliyefungiwa nazo. Matundu ya hewa yawe chini upande wa ubaridi na juu upande wa joto, hewa ipande na kutoka. Pwani unyevu tunao wa kutosha. Boa anahitaji asilimia 60 hadi 70, na wakati wa masika mara nyingi utakuwa unaupunguza badala ya kuuongeza. Kabati lisilopumua litaota ukungu, na nyoka ataoza magamba ya tumbo.

Namba mbili ni kizimba cha paneli za plastiki ya PVC cha kuagiza nje. Ni chepesi, hakiozi, kinasafishika upesi. Kingekuwa cha kwanza kama nauli na ushuru wake visingekuwa vikubwa kuliko kizimba chenyewe.

Namba tatu, kabati la aluminiamu na vioo, wanalotengeneza mafundi wa madirisha. Ulaya wangelikataa kwa sababu linapoteza joto. Tanga hilo si kosa kubwa. Kosa lake ni uwazi: nyoka anaonekana pande zote na hana pa kutulia. Ukilinunua, ziba pande tatu kwa bodi au karatasi nzito kwa nje.

Tangi la samaki liko mbali nyuma. Ni zito, mkono wako unamshukia nyoka kutoka juu kama mwewe, na hewa yake inatuama. Banda la wavu wa waya usinunue kabisa, atausugua kwa pua mpaka achubuke.

Joto, na hapa ndipo nilipokosea

Taa bora ya mchana ni halojeni ya kumulika chini, ya wati 50 hadi 100 kutegemea kimo cha kizimba. Inafanya kazi ya jua: mwanga na joto kutoka juu, mahali pamoja, na kwingine kunabaki poa. Tuko karibu na Ikweta, mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, basi iwashe saa moja asubuhi uizime saa moja jioni. Ya wati 80 ikiwaka saa 12 kila siku hula uniti 29 kwa mwezi, na termostati huipunguza.

Ya pili ni balbu ya kauri, inayotoa joto bila mwanga. Hii ni ya usiku wa kusi, mwezi wa saba, joto linaposhuka karibu na nyuzi 20. Miezi mingi mingine itakaa kabatini. Paneli ya joto ya kufunga darini ni salama kuliko zote mbili, ila ni ya kuagiza na bei yake ni kubwa, kwa hiyo naiweka ya tatu. Mkeka wa joto wa kuweka chini ni wa nne: unafaa boksi la mtoto, kwa mkubwa haufui dafu, na usiwekwe kamwe bila termostati. Balbu nyekundu za vifaranga zinapatikana maduka ya pembejeo, lakini nyingi ni za wati 150 hadi 250. Hizo ni za banda, si za kabati. Jiwe la joto la umeme liache dukani hata ukipewa bure, limeunguza matumbo ya nyoka wengi.

Chochote utakachochagua, nunua na holda ya kauri, maana ya plastiki huyeyuka, na kinga ya wavu wa chuma ya kuzunguka balbu. Boa wangu ni jike, naye anaitwa Mkonge. Mwezi wa kwanza niliona wavu ule ni pambo, nikauahirisha. Asubuhi moja nilimkuta amejizungusha kwenye balbu, ametulia kama yuko tawini, na magamba manne ya mgongoni yamegeuka meupe na kunyanyuka kingo, mfano wa karatasi iliyoloa ikakauka. Nyoka hujibana kwenye kitu cha moto wala hakimbii kinapomuunguza. Daktari wa mifugo alimsafisha, lakini alama ile haikufifia mpaka alipojivua ngozi mara kadhaa. Nikiiona bado naumia.

Angalia pia volti. Vifaa vya soko la Marekani ni vya volti 120. Ukivichomeka kwenye 230 yetu vinaungua papo hapo.

Termostati kabla ya taa

Kama una hela ya kitu kimoja mwezi huu, nunua termostati. Ile ya kuagiza inayofifisha mwanga taratibu ndiyo bora kwa halojeni, kwa sababu haiwashi na kuzima ovyo. Inayofuata inapatikana hapa hapa mjini: ile ndogo yenye namba za kuwaka, wanayofunga watengenezaji wa mashine za kutotoleshea vifaranga. Hiyo huwasha na kuzima tu, kwa hiyo inafaa zaidi balbu ya kauri. Taa ya wati 100 kwenye volti 230 haivuti hata nusu ya ampea, basi kifaa cha ampea 10 hakitalemewa. Mwite fundi umeme akifunge ndani ya kiboksi chake, usiache waya zikining'inia. Kihisio kikaze kwa kibano mahali ambapo nyoka hawezi kukisogeza. Kikichomoka kikaangukia upande wa ubaridi, taa haitazima tena.

Vipimajoto nunua viwili vya waya, kila upande kimoja, pamoja na kile cha kulenga kwa mkono cha mafundi. Vile vya kupima paji la uso vilivyojaa tangu Uviko-19 mwaka 2020 havifai, vimetengenezwa kusoma joto la mwili wa mtu, na jiwe la nyuzi 26 havitalisoma.

Vya ndani: usipite dukani, tazama ulipo

Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu Tanga tunavyo vitu ambavyo wafugaji wa nje huvinunua kwa fedha za kigeni. Chini tandika makumbi ya nazi yaliyosagwa, unene wa kiganja. Yanashika unyevu bila kuoza upesi. Yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi yasuuze mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuyaanika.

Maficho yawe mawili, moja kila upande, na yawe ya kumbana. Boa hutulia mgongo wake unapogusa ukuta. Baada ya kujaribu mapango ya plastiki, nimerudi kwenye chungu kikubwa cha udongo kilichotobolewa mlango, kingo zikasuguliwa kwa msasa mpaka mkono wako mwenyewe uteleze. Siku za kaskazi nakilowesha kwa nje, upande wa ubaridi. Udongo unafanya kwa nyoka kile ambacho mtungi hufanya kwa maji ya kunywa: kipimajoto ndani ya chungu husoma chini ya hewa ya kizimba, na Mkonge ndimo anamoshinda.

Kwa kupanda, kata tawi nene la mpera, limenye magome yaliyolegea, limwagie maji yanayochemka, lianike juani wiki nzima, kisha lipigwe skrubu pande zote mbili. Kilo 10 zikianguka na tawi zinaumia. Epuka mkorosho, mnyaa na mti wowote wenye utomvu mkali au mweupe. Magogo ya ufukweni Raskazone ni mazuri kwa sura, ila yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka chumvi iishe. Mikoko usikate.

Na kamba ya katani, jamani! Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ikaokoka safarini, na leo kamba yake nene inauzwa kila duka la vifaa. Isiwe imetiwa mafuta yenye harufu. Nimeifunga kwa mshazari kutoka rafuni hadi tawini. Usiku wa kwanza boa wangu aliipanda polepole, ulimi ukitoka na kurudi kwenye kila fundo, akafika katikati akakaa pale akining'inia mpaka alfajiri. Tangu hapo kila baada ya wiki mbili tatu nahamisha kitu kimoja, au naingiza majani makavu yaliyoanikwa, apate harufu mpya ya kuchunguza. Chungu na maji visihamehame.

Beseni la maji liwe zito na la kutosha yeye kujikunja ndani, likae upande wa ubaridi. Miguu ya kabati isimame kwenye makopo ya maji, siafu hawachagui. Dawa ya mbu ya kupuliza isiingie chumba hicho.

Kufuli ya kioo ni lazima, ile ya meno ya shoo kesi. Boa walioachiwa kisiwani Cozumel, Meksiko, mwaka 1971 wamezaliana huko mpaka leo, na sisi tuna misitu ya Usambara mlango wa pili.

Kila kitu kikiwa tayari, kiwashe wiki nzima bila nyoka. Andika joto la pande zote saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tisa usiku. Zima umeme makusudi kwa muda wa saa tatu uone linavyoshuka. Namba zikitulia siku tatu mfululizo, mwingize jioni, funga kufuli, usimshike siku saba, na mlo wa kwanza uwe mdogo kuliko aliouzoea.