Kitabu cha Simbi Nyaima: kizuri, ila mlangoni walinifukuza

Nianze na kijana wa mlangoni, maana kitabu chenyewe, cha picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, nakala chache tu, nitakisifu baadaye na sitaki sifa hizo zimfikie yeye.

Ilikuwa masika, wiki gani sikumbuki. Mvua ya Kisumu mnaijua: saa nane jua linakuchoma utosi, saa tisa unatafuta pa kujibanza. Nilishuka kwenye tuktuk mbele ya hilo duka la sanaa (jina silitaji, wenyewe wanajijua) nikiwa nimelowa chapachapa. Nilikuwa nimepiga simu mapema. Nusu ya pesa nilikuwa nimeshatuma kwa M-Pesa. Kijana akanitazama usoni, macho yakateremka taratibu mpaka kwenye sandali zangu za soko la Kibuye, yakatulia hapo.

"Mathe, hapa hatuuzi vitabu vya shule. Jaribu kule barabara ya Oginga Odinga."

Nikamwambia nimefuata Simbi Nyaima, nimelipia. Hakuomba radhi. Akasema basi nisubiri nje, maji yangu yataharibu karatasi. Nje! Kwenye kibaraza chembamba kama ubao wa kukatia sukuma. Nilisimama dakika ishirini, labda thelathini, mimi nahesabu saa nzima. Soja ndiye aliyenisogezea kiti chake cha plastiki bila kuombwa. Kupitia kioo nilimwona kijana wangu akimkunjulia kurasa mgeni mmoja mwenye kamera, akitabasamu mpaka gego la mwisho.

Kwa wasioijua hadithi: mimi nimekulia karibu na Kendu Bay, na dani, yaani bibi yetu, alitusimulia kila mvua iliponyesha. Kijiji kilikuwa na sherehe, pombe na ngoma. Usiku, mvua ikinyesha, akaja kikongwe akiomba kuota moto. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Kabla hakujapambazuka kijiji chote kilikuwa kimegeuka ziwa, na ndiyo maana ya jina Simbi Nyaima kwa Kidholuo, kijiji kilichozama. Ziwa lenyewe lipo hadi leo, maji ya kijani yenye magadi, na tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya ndege. Heroe wakitua pale, ukingo wote huwa waridi.

Sasa nipigieni picha: ajuza wa sitini na ushee, amelowa, amesimamishwa mlangoni na mtu anayeuza hadithi hiyohiyo kwa shilingi 18,000. Nilitaka kucheka, meno yakawa yanagongana.

Nilipoingizwa hatimaye, niliuliza swali moja tu: vibao vya kuchapia vimekwaruzwa? Akajibu, "Hayo ni mambo ya wasanii, mathe." Mwanangu, mimi nimefundisha Sanaa na Ufundi enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4. Nimechonga viazi na watoto wa darasa la nne, tukachapa mpaka vidole vikawa zambarau. Kitabu kikiandikwa 14/30 kwa penseli, maana yake ni nakala ya kumi na nne kati ya thelathini. Lakini kama kibao bado ni kizima kabatini, nani atamzuia mtu kuchapa ya thelathini na moja? Usipojua hilo, unauza nini?

Nilienda nyumbani nikiwa nimeshaamua: nyota moja, na hiyo moja ni ya soja.

Kisha nikakifungua.

Kinakunjuka kama kodiani, meza yangu ya kulia haikutosha, nikamalizia kwenye kochi. Picha zimechapwa kwa mbao, wino mweusi, na chini ya kila mkunjo kuna mstari mmoja wa kijani. Kwanza hata sikuuona. Mkunjo wa tatu umefika kwenye vizingiti, wa tano umefika kwenye madirisha, wa saba zimebaki pembe za ng'ombe. Ukurasa wa mwisho ni mtupu, karatasi ya gugumaji tu, nyuzinyuzi zinaonekana. Nikadhani wamenipa nakala mbovu, hasira ikapanda tena, nikainyanyua dirishani niitafutie ushahidi. Mwanga ulipopita ubavuni nikaona mapaa. Vibanda vyote vimegandamizwa kwenye karatasi bila tone la wino. Ukipitisha kidole unavihisi vikiwa chini ya maji.

Nilikaa chini.

Msanii mwenyewe alinipigia siku kadhaa baadaye, baada ya mimi kuandika ujumbe mrefu ambao sasa unanitia aibu kidogo. Vibao amevikwaruza vyote kwa alama ya msalaba, na akaniletea karatasi iliyochapwa na kimoja kilichokwaruzwa, bure. Msichana mwenye adabu zake, ananiita mwalimu. Nyota tano basi. Au nne, kwa sababu kikongwe wake amemchora mwenye mgongo ulionyooka, na dani asingekubali hata kidogo.

Na kuna jambo sikutaka kuliandika. Kwenye mkunjo wa pili, pale pa mlangoni, kuna duara dogo, karatasi imejikunja kama ngozi ya maziwa. Ni tone lililodondoka kutoka kwenye mkono wa sweta yangu nilipokuwa nalipia. Karatasi hii inakunywa maji papo hapo, kwa hiyo kijana hakusema uongo. Haya, haki yake nampa. Lakini taulo moja la kujifutia ni bei gani? Nirudishe nyota ziwe tatu, kwa ajili yake.

Mpwa wangu ameshakiona kitabu, naye anataka cha kwake. Nimemwambia aende siku ya jua.