Je, nyimbo zilifungua fundo? Uchambuzi wa episodi ya muziki ya Buffy

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo nazungumzia episodi moja tu, na nitaisimulia mpaka mwisho wake. Kama hujaiona na hutaki kujua, simamisha hapa, kaitazame kwanza, kisha urudi, nipo.

Ni ile ya muziki ya tamthilia ya televisheni ya Marekani, Buffy the Vampire Slayer, "Once More, with Feeling", episodi ya 7 ya msimu wa 6. Ilirushwa Marekani tarehe 6 Novemba 2001. Nyimbo zake zimesifiwa sana, na mimi ni mmoja wa wanaozisifu. Lakini leo nauliza kuhusu kisa chenyewe. Lile fundo la hadithi linafunguliwa, au mwandishi amechukua mkasi akalikata?

Kwa ambaye hajaifuatilia: Buffy ni binti wa mji wa Sunnydale, California, na kazi yake ni kuua vampaya. Mwisho wa msimu wa 5 alikufa akimwokoa mdogo wake, Dawn. Msimu wa 6 ulipoanza, rafiki zake wakamfufua, wakiongozwa na Willow ambaye ni mchawi. Walidhani wanamtoa kwenye mateso. Kumbe alikuwa peponi, ametulia, hana deni na mtu. Anayeijua siri hiyo ni mmoja tu, Spike, ambaye mwenyewe ni vampaya. Kwa hiyo Buffy anaamka, anakula, anapigana, lakini moyo haupo. Na atawaambiaje? Watu wamekufufua kwa sababu wanakupenda. Utaanzia wapi kuwaambia kwamba wamekunyang'anya raha yako?

Hapo ndipo jini anapoingia mjini. Anaitwa Sweet, na aliyemwigiza ni Hinton Battle, mchezaji dansi mwenye tuzo 3 za Tony, zile za michezo ya jukwaani ya Broadway. Mtazameni miguu yake tu, mtaelewa. Jini huyu akiwepo, watu wanaimba bila kupenda, na kinachowatoka ni kile walichokificha. Anayezidiwa anacheza mpaka anashika moto, anateketea.

Nataka mkae na jambo hili kidogo, maana ndiyo akili ya episodi nzima. Sisi tuliokulia kwenye shughuli za taarab tunalifahamu. Shangazi ana neno na wifi yake, hawezi kulitamka uso kwa uso. Lakini unafika ubeti fulani, shangazi anainuka taratibu, noti mkononi, anakwenda kumtuza mwimbaji huku akigeuka kidogo upande alipokaa wifi. Ukumbi wote umeshajua. Wimbo umebeba ambacho mdomo umeshindwa. Tofauti ni kwamba shangazi kachagua ubeti wake. Buffy hakuchagua. Joss Whedon, aliyeandika, kuongoza na kutunga nyimbo zote, amechukua siri ambayo isingetoka kwa njia yoyote nyingine, akatengeneza mtego ambao ni lazima itoke.

Na inatoka. Tuko kwenye klabu ya Bronze, Sweet amemteka Dawn akitaka kumfanya mke. Buffy anaimba mbele ya jini, rafiki zake wote wameshafika, na katikati ya wimbo anasema alikuwa peponi. Kamera inamwendea Willow. Tazameni uso ule. Haimbi, hasemi kitu, anaelewa tu alichokifanya. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne wiki hii, na mara moja nikaondoa sauti kabisa, bado ikanibana koo. Kisha Buffy anaanza kuzunguka, anacheza kwa kasi, moshi unaanza kumtoka mwilini. Anataka kuwaka. Anayemshika ni Spike, yule mmoja aliyekuwa anajua. Anamwambia kwa wimbo kwamba maisha hayana raha ile, ni kuyaishi tu mpaka maumivu yapoe. Kisha Dawn anamrudishia dada yake maneno yale yale ambayo Buffy alimwachia siku alipokufa, kwamba jambo gumu kuliko yote duniani ni kuishi ndani yake. Hapo kisa kimefunguka kihalali kabisa. Hakuna mtu aliyeletwa ghafla kuja kuokoa jahazi. Kila anayemgusa Buffy dakika ile tulishamjua, na sababu yake tulishaipata.

Sasa upande wa jini. Hapa sikubaliani na wanaosema episodi hii haina kasoro.

Wote walidhani Dawn ndiye aliyemwita Sweet, kwa kuwa kidani cha kumwitia kilikuwa shingoni mwake. Dawn anakana. Kimya kidogo, halafu Xander, mmoja wa rafiki zake Buffy, anainua mkono: ni mimi. Alitaka nyimbo na dansi kidogo, apate uhakika kwamba yeye na mchumba wake Anya watafika salama. Jini anacheka, anasamehe suala la ndoa, anaimba kidogo, anaondoka zake. Imeisha!

Haiishi kwangu. Watu wamekufa kwa moto. Xander alijua hivyo mapema, alikuwepo mazungumzo yalipofanyika, na akaendelea kukaa na wenzake wakitafuta mhusika vitabuni kana kwamba hajui kitu. Akishakiri, hakuna anayemuuliza hata neno moja kuhusu waliokufa. Kibaya zaidi, sheria ya jini inavunjwa. Si tumeambiwa anayeficha ataimba? Xander na Anya wana wimbo mzima wa wawili, wanatoana siri moja baada ya nyingine, hata kukoroma kunatajwa, na hili kubwa kuliko yote halichomozi. Naelewa mwandishi alihitaji mtu wa kubeba lawama ambaye jini hawezi kumwoa. Lakini mhalifu anayepatikana kwa kuinua mkono ni mkasi, ndugu zangu. Fundo limekatwa.

Tara, mpenzi wa Willow, ndiye aliyeandikwa vizuri kuliko wote. Asubuhi anaimba jinsi alivyorogwa na mapenzi ya Willow, anamaanisha furaha. Baadaye Dawn anasema tu, bila kujua uzito wake, kwamba amefurahi wawili hao wamepatana baada ya ugomvi. Tara haukumbuki ugomvi wowote. Anatazama kile kimmea alichokikuta kwenye mto wake, anakwenda kukitafuta kitabuni, na kumbe Willow amemroga kweli, amemfuta kumbukumbu. Wimbo wa asubuhi unageuka sumu bila neno moja kubadilishwa. Laiti Xander naye angefichuliwa hivyo, kwa kitu kidogo tulichokiona wote tukakipita.

Kwa anayeuliza kama aitazame: ndiyo, ila usianzie hapa. Anza na episodi ya mwisho ya msimu wa 5, kisha zile 6 za mwanzo wa msimu wa 6. Ukiiruka njia hiyo utapata kama dakika 50 za nyimbo nzuri, waigizaji wakiimba kwa sauti zao wenyewe, lakini uso wa Willow hautakuambia chochote. Na ukimaliza usilale, nenda moja kwa moja kwenye "Tabula Rasa" inayofuata, kwa sababu Tara anafungasha mizigo yake huko, na Giles, mlezi wa Buffy, anarudi Uingereza kama alivyokwisha kuimba.

Mkifika wimbo wa mwisho, wanapojiuliza sasa tunaelekea wapi, tazameni mikono. Wanashikana mstari mzima. Kisha wanaachiana, kila mmoja anageukia upande wake, na Spike anatoka nje kabla wimbo haujaisha. Buffy anamfuata. Wanabusiana, na pazia jekundu linafungwa wakati wenzake wamebaki ndani.