Geti valvu la "shaba tupu": yaliyonipata mimi na duka moja la Gerezani

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Sikuja kueleza geti valvu la PPR, koki ya kufungia maji kwenye haya mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, ni kitu gani. Anayetaka vipimo vimeandikwa pale pale ubavuni. Nimekuja kusimulia usiku ule.

Ilikuwa kipindi cha mvua, saa nane hivi za usiku, ile saa maji ya mgao yanapokumbuka kuja huku kwetu, na yakija yanakuja kwa fujo. Mpira wa kuunganishia sinki la jikoni ukapasuka. Mimi nilishtuka nikashusha miguu kutafuta ndala, sikuzikuta. Zilikuwa zimeshaelea hadi mlangoni.

Nikatoka mbio na tochi ya simu hadi ukuta wa nyuma, lilipo geti valvu la kuingizia maji ndani. Nikashika kile kigurudumu chekundu, nikazungusha. Kikazunguka. Nikaendelea, nacho kinazunguka tu, laini, kama kifuniko cha chupa kilichokwisha meno. Kulia kinazunguka, kushoto kinazunguka, na maji hayana habari. Koki ya mita ipo, lakini ilikuwa chini ya kifusi alichomwaga jirani anayejenga, na usiku ule sikuwa na chepe wala nguvu ya kugombana.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea tu. Alikata ule mpira kwa kisu cha mboga, akachomeka gunzi la muhindi, akalifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Maji yakakatika. Gunzi! La mahindi tuliyochoma jioni ile ile. Geti valvu la elfu kumi na nane limeshindwa, gunzi limeweza. Magodoro mawili yalikaa juani wiki nzima na mpaka leo moja linanuka.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Asubuhi nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, duka nililonunua. Silitaji. Yule kijana wa kaunta ndiye aliyeniambia siku ya kununua, "Hili ni shaba tupu, mama, utalirithisha." Nikamwekea geti lake mbele. Akalizungusha mara mbili, akaangalia wateja wengine, akasema, "Mama, wenzako wanakaa nayo miaka. Labda mkono wako mzito." Watu wanne wakacheka. Mmoja alikuwa mtu mzima kabisa, na kofia ya kiislamu kichwani, naye akacheka.

Sasa niulize kama niliondoka. Sikuondoka. Nilinunua kwake tena, boli valvu safari hii, ile ya mkono unaougeuza robo duara na maji yamefunga. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba hela ninayo.

Fundi kijana wa mtaani akaja na mashine yake ya kuchomelea. Kitaa cha kuonyesha moto umefika kilikuwa kimekufa, nikamuuliza, akasema, "Hicho hakina kazi, dada, mimi naujua moto kwa macho." Akaingiza bomba na valvu kwenye pasi ya ile mashine, simu ikaita, akapokea kwa bega. Aliongea na huyo mtu wake mpaka nikasikia harufu ya plastiki. Kisha akaunganisha, akasokota kidogo kama anafunga chupa ya soda, akasema tayari. Kwa nje pamependeza, pana pete mbili za plastiki zimejikunja vizuri.

Maji yaliporudi, bomba la jikoni likatoa uzi. Nikasema mgao. Nikachungulia kwa jirani: ndoo inajaa huku anavua kandambili. Nikafungua na kufunga ile boli valvu mara kumi, uzi ni ule ule. Basi nikajua, ameniuzia tena takataka.

Safari ya pili sikuongea, nilipiga kelele. Nilisema wezi, nilisema nitawapeleka nisikokujua. Kijana akaniacha nimalize, akasema, "Mama, rudi na fundi, usirudi na hasira." Wakacheka tena, kundi jipya.

Hapo ndipo shemeji yangu alinipeleka kwa mzee mmoja fundi bomba, mtu wa siku za mabomba ya chuma. Shikamoo, marahaba, akaja jioni na mkoba. Hakugusa valvu. Alitoa mkasi wa kukatia bomba, akakata sentimita chache kabla ya kiungo, akaninyooshea kile kipande nichungulie. Bomba ni la 25, na mimi nilidhani 25 ni tundu. Kumbe ni upana wa nje, ndani kwa haya ya PN20, yaani daraja la presha, ni milimita 16 na kitu. Sasa kwenye hiyo 16, plastiki ilikuwa imeyeyuka ikajaa kwa ndani kama ugali uliomwagika jikoni ukaganda. Tundu lililobaki lingepitisha njiti ya kiberiti, pengine mbili zikibanana.

Valvu nzima. Inafunga, inafungua, haina kosa. Nilikwenda kuwatukana watu bure.

Karibu bure. Kwa sababu mzee alitaka kuliona na lile geti la kwanza. Akalifungua kichwa kwa spana, akatoa mti wake, ule unaozungushwa na kigurudumu, akachomoa mkobani sumaku ya spika ya redio. Sumaku ikaung'ang'ania ule mti kama mtoto wa kupe. Shaba haishikwi na sumaku. Ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, kimeota kutu chini ya rangi, na meno yameliwa yote. Shaba tupu! Nyota moja inarudi pale pale, na ningekuwa na uwezo ningeichomoa.

Kisha akageuza ule ulimi wa geti, unaoshuka kuziba maji, ukingo wa chini umelika kama muwa uliotafunwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hili ulikuwa unaliacha nusu?"

Nilikuwa naliacha nusu. Maji ya usiku yalikuwa yanarusha matone hadi kwenye vyombo vilivyooshwa, nikaona nilipunguze, likakaa hivyo mwaka na zaidi. Mzee akasema geti ni la kufungua lote au kufunga lote. Likikaa nusu maji yanapita chini ya ulimi kwa kasi na mchanga wake, yanausugua, yanautikisa, na hata la shaba ya kweli lingechakaa. Nikanyamaza. Hiyo habari sikumwambia mume wangu, atasoma hapa kama wengine.

Basi nyota mbili.

Kazi ya mzee niliitazama yote, na hapo ndipo nilipofurahi mara moja tu katika mkasa mzima. Alichora alama ya penseli kwenye bomba, kina cha kuingia, asizidishe. Akafuta vikombe vya pasi kwa kitambaa cha pamba, akanionya nisije nikavikwangua kwa kisu, ile ngozi yake isiyonata ikitoka, plastiki inagandia. Akaiacha boli valvu ikiwa wazi, akasubiri kitaa kigeuke, nyuzi 260, akaingiza pande zote mbili pamoja na kuhesabu kwa sauti, moja hadi saba, akachomoa, akasukuma moja kwa moja bila kusokota, akashika akiwa kimya. Simu yake iliita. Ikaita mpaka ikachoka.

Siku iliyofuata nikanunua mkasi wangu mwenyewe. Huo nyota tano, sina neno. Msumeno ulikuwa unaacha unga wa plastiki ndani ya bomba, unakwenda kukaa kwenye boya la tanki na linashindwa kufunga. Mkasi unakata kama jibini, safi, hata mama mkwe anaukatia kamba za katani. Mashine ya kuchomea bado natafuta, na sharti langu moja: kitaa kiwake na kizime mbele ya macho yangu, dukani, kwenye umeme wao.

Wiki iliyopita nilirudi Gerezani kumwomba radhi yule kijana. Kwa ile boli valvu tu, si kwa geti. Nilifika hadi mlangoni. Alikuwa na mama mmoja kaunta, ameshika geti valvu lenye kigurudumu chekundu, anamwambia, "Shaba tupu hili, utalirithisha."

Nikaingia duka la pili yake, nikamsubiri yule mama atoke.