Makapi, maranda, mwishowe kokoto: matandazo ya bustani yangu ya mawe

Ukikaa Tororo, mashariki mwa Uganda, kila asubuhi ukifungua dirisha lile Jabali la Tororo limekukodolea macho, ipo siku nawe utataka mawe uani kwako. Yangu niliyapanga mwaka juzi, nikapachika shubiri saba, sansevieria na kaktasi kidogo. Mawe yenyewe hayakunipa taabu. Taabu ilikuwa cha kutandaza katikati yake, magugu yasinizidi na mvua ya Aprili isiusombe udongo wote hadi barabarani.

Nilianza na makapi ya mpunga. Butaleja na mashamba ya Doho si mbali, kwa hiyo nililipia nauli ya boda tu. Wiki ya kwanza yalipendeza kweli. Halafu upepo ukayapeleka kwa jirani, mvua ikayasomba hadi mtaroni, na yaliyosalia kuku wakayamaliza kwa kupekua.

Nikahamia maranda ya seremala. Haya yalitulia, ila mchwa walifika kabla sijamaliza kujisifu. Ubaya zaidi, maranda yanashika maji. Siku moja nilivuta jani la shubiri lililolegea, likaja na shina zima, limeoza na kunuka. Nikapoteza tatu. Mimea ya aina hii inavumilia kiu, haivumilii shingo, pale shina linapoingia udongoni, kukaa kwenye unyevu.

Ndipo nikaingia kwenye kokoto, na hata huko nilianza vibaya: dereva mmoja aliniletea mzigo ambao nusu yake ni vumbi. Vumbi la kokoto likilowa hushikana likawa gumu, maji yanatuama juu. Nikaenda kwa kina mama wanaogonga mawe kwa nyundo kando ya njia.

“Chukua hizi za nusu inchi, mwanangu,” mmoja akaniambia. “Zile ndogo zitahamia kwenye viatu vyako.”

Wilbaro kumi. Nilizisuuza kwa karai (mgongo unakumbuka hadi leo), nikatandaza unene wa sentimita 5 hivi, nikazisogeza hadi shingoni mwa mmea, jambo ambalo kwa maranda usithubutu. Mvua za Machi hadi Mei zimepita, za Septemba hadi Novemba pia, na hakuna shubiri iliyooza.

Kasoro zipo. Ndago inatoboa kokoto kama kawaida yake, ing'oe na kiazi chake. Majani ya mwembe yakianguka unayaokota kwa mkono, moja moja. Na jua la saa saba likizipasha, mimea laini ya pembeni inakauka. Begonia yangu haikumaliza mwezi. Mawe meupe ya chokaa nilishawishiwa nayo nikakataa: yanaumiza macho, na chokaa hupunguza asidi ya udongo, kitu kisichoipendeza mimea kama azelia.

Makapi ninachukua bado, ila yanakwenda kwenye migomba nyuma ya jiko. Huko yanaoza, na ndicho ninachotaka. Kuku nao wamehamia huko.